Wasichana wa Chumba cha Parachuti

Jumanne moja asubuhi, mwaka jana, Kiden alikuwa kwenye cherehani yake mjini Koboko akishona mifuko ya sare za shule, redio ikinguruma juu ya rafu ya vitambaa. Hakuwa akiijali sana. Redio kwake ilikuwa kama mfanyakazi mwenzake anayeongea peke yake: ukipenda unamsikiliza, usipopenda unaendelea na shughuli zako. Lakini mtangazaji aliposema kwamba mgeni wake angezungumzia kikosi cha mafunzo ya ndege za jeti, mguu wa Kiden uliganda juu ya kanyagio.

Mgeni mwenyewe alijitambulisha kuwa Haji Yasiri wa Arua, zamani sajini, fundi wa injini. Alisema yeye na wenzake wachache waliobaki wameamua kuandika kitabu kidogo cha historia ya kikosi chao kabla hawajamalizika wote. Akasimulia jinsi ndege sita za viti viwili zilivyoletwa kutoka Ulaya ndani ya makreti, mabawa kando, mikia kando, na jinsi mafundi walivyoziunga kwa wiki tatu huku wakigombania boliti moja iliyobaki mezani, ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Zilipakwa rangi ya fedha, pua nyekundu. Wakulima wa jirani walipozisikia mara ya kwanza waliacha majembe shambani. Kikosi kikaitwa Mbayuwayu, kwa vile ndege zile zilivyopenda kupinda chini chini juu ya majani marefu wakati wa kutua. Haji Yasiri alijua kusimulia, na Kiden alijikuta anatabasamu peke yake kama mtu anayesomewa barua.

Kisha Haji akaanza kusoma majina. Alisoma wakufunzi, wale waliotoka ng'ambo na wale wa nyumbani. Alisoma wanafunzi wa kundi la kwanza, la pili na la tatu. Akasoma mafundi wa injini, mafundi wa umeme, watu wa gari la zimamoto, watu wa mnara, madereva, wapishi watatu. Mwisho akacheka kidogo, akasema haifai kumsahau Rada, mbwa wa getini, aliyekuwa akisikia ndege inarudi kabla watu wa mnara hawajaiona. Mtangazaji akashukuru, akapiga wimbo.

Kiden alibaki amekaa, mikono magotini, akingoja. Wimbo ukaisha, yakaja matangazo ya mbegu za mahindi.

Hivyo ndivyo binti yake Rashida alivyomkuta alipoingia na furushi la vitenge alivyonunua soko la Ariwara, upande wa Kongo. Akamuuliza kama anaumwa. Kiden akajibu kwa sauti ya utulivu kabisa.

"Wamesoma jina ya mbwa."

Rashida alihitaji nusu saa nzima kuelewa. Maisha yake yote alijua tu kwamba mama yake aliwahi kushona jeshini. Kushona nini, wapi, kwa nani, hakuwahi kuambiwa, na Koboko watoto wengi walikua hivyo. Baada ya mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na watu wa mkoa wa West Nile wakakimbia kwa maelfu, mtu aliyekuwa amevaa sare alijifunza kufunga mdomo, na waliporudi miaka mingi baadaye, mdomo ulikuwa umeshazoea. Kiden hakuwa na picha hata moja wala cheti. Alikuwa na vidole vyake tu, na vidole havisemi.

Siku hiyo alisema. Alimwambia Rashida kwamba alizaliwa baada ya wavulana watatu, kwa baba sajini wa askari wa miguu, na kwamba kaka zake wote watatu waliingia jeshini mmoja baada ya mwingine kama watu wanaopanda lori. Yeye alijifunza cherehani kwa masista. Mwaka wa sabini na nne likaja tangazo kwamba kikosi cha jeti, ng'ambo ya Mto Nile, kinataka wasichana wawili wenye mikono mizuri. Walikwenda arobaini na mmoja. Wakachukuliwa wawili: Kiden, Mkakwa wa Koboko, na Eyotaru, msichana wa Kilugbara kutoka Omugo, mrefu kama mlingoti na mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye banda la ndege.

Kazi yao ilikuwa kukunja parachuti. Meza ilikuwa na urefu wa mita kumi na nne. Walifanya kazi bila viatu, bila pete, bila bangili, kucha zimekatwa mpaka nyamani. Mkufunzi wao, mwanamke mfupi wa Kicheki kutoka Ulaya, alijua maneno manane tu ya Kiswahili, na yote manane yalikuwa ya kukataza. Kila baada ya muda fulani parachuti ililetwa, ikafunguliwa, ikatundikwa kwenye chumba kirefu cha kukaushia, ikakaguliwa mshono kwa mshono, kamba kwa kamba, zote ishirini na nane, kisha ikakunjwa upya. Wakati wa kukunja walizishika kamba zisichanganyike kwa vibanio sita vya chuma. Ilipokwisha, mkunjaji alitia sahihi kwenye kadi, na kadi ikaingia kwenye mfuko mdogo ubavuni mwa parachuti. Lakini kabla ya sahihi, Mcheki alisimama mbele yako na kukuuliza kwa vidole, kwanza akiionyesha parachuti, kisha akikuonyesha wewe: ungeivaa hii? Kama ulisitasita hata kidogo, unafungua yote na kuanza tena.

Rashida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mama yake kwamba Alhamisi ana safari ya Arua kupeleka vitenge, na kwenye gari kuna nafasi.

Wazee wale walikuwa wakikutana kwenye nyumba moja ya zamani juu ya Arua Hill, nyumba ya mabati mekundu yenye baraza pana, ambako mpwa wa Haji Yasiri alikuwa na ofisi na chumba asichokitumia. Kiden alivaa gomesi yake ya kijani, akafunga mkanda vizuri, akapanda ngazi bila kushikwa mkono. Ndani walikuwepo wanaume saba, chupa ya chai, na rundo la karatasi zilizokaliwa na jiwe zisipeperuke. Alimtambua Haji kwa sauti kabla ya sura. Alisalimia wote kwa zamu, akaketi, akapokea chai, akanywa nusu kikombe. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Haji, mimi nilisikia wewe kwa redio. Ulisoma jina ya mpishi, ukasoma jina ya dereva, ukasoma jina ya mbwa. Sasa jina yangu iko wapi?"

Haji Yasiri alimtazama sana. Alivua miwani, akaivaa tena. Halafu akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuomba radhi kwa lugha tatu, Kiswahili, Kinubi na Kikakwa, akisema ee dada, chumba cha parachuti, tumesahau chumba kizima cha parachuti. Wenzake wakaanza kulaumiana. Mmoja alisema alikikumbuka lakini akadhani kilikuwa cha kikosi kingine. Mwingine akakiri kwamba yeye alikuwa akiogopa kupita pale kwa sababu ya yule Mcheki.

Mzee mmoja tu hakuingia kwenye lawama hizo. Alikuwa amekaa pembeni, mgongo umenyooka kama ubao, kofia ya majani mapajani. Aliinuka polepole, kwa namna ya mtu ambaye mgongo wake una masharti, akaja mpaka mbele ya Kiden.

Huyu alikuwa Pitia. Kiden alimkumbuka akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa kundi la pili, mcheshi, mwenye mwanya. Aprili ya mwaka wa sabini na sita aliruka peke yake kwa mara ya tatu, na alipokuwa akigeuka kurudi uwanjani injini ikazimika. Chini yake kulikuwa na kijiji. Aliielekeza ndege kwenye pori tupu, akavuta mpini wa kiti, kiti kikafyatuka, parachuti ikafunguka, akaangukia shamba la simsim. Wenye shamba walimletea maji ya kunywa kwanza, ndipo wakamuuliza ni nani. Hakuna aliyekufa. Ila kile kiti kiliubana uti wa mgongo wake, na Pitia hakurusha ndege tena. Alioa kijijini Aroi, na huko analima mihogo na maharagwe mpaka leo.

Pitia aliushika mkono wa Kiden kwa mikono yake yote miwili. Aliwaambia wenzake kwamba akiwa hospitalini alimuuliza muuguzi ni nani aliyekunja parachuti ile, na muuguzi akamwambia ni yule msichana wa Kikakwa. Baadaye alihamishwa, kisha vita, kisha ukimbizi, na miaka ikapita.

"Huyu ndiyo mutu alikunja parachuti yangu," alisema. "Nina watoto saba. Nina wajukuu kumi na tisa. Wote wametoka kwa mikono ya huyu mama."

Chumba kikajaa maneno. Haji Yasiri tayari alikuwa ameshika kalamu. Alisema sura hii itakuwa ya kwanza kabisa kwenye kitabu, na wataweka picha ya Kiden na Pitia wamesimama pamoja. Mzee mwingine alimimina chai kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa na chai.

Kiden aliweka kikombe chake chini. Baadaye alimwambia Rashida kwamba katika maisha yake hakuwahi kupewa kitu kizuri kama kile, na kwamba alikishika kwa muda mfupi aone uzito wake. Kaka zake watatu walikuwa na medali. Yeye amekaa karibu nusu karne kimya, na leo mtu amesimama mbele ya watu akimwambia hivyo. Hakuna mtu pale chumbani aliyejua vingine. Angeweza kunyamaza tu.

"Mzee Pitia, hapana," alisema. "Ile haikuwa yangu. Ile ilikuwa ya Eyotaru."

Akawaeleza. Siku ya ajali kadi ilitolewa ubavuni mwa parachuti, kamanda akaitisha gwaride, akaisoma kwa sauti, na sahihi ilikuwa ya Koplo Eyotaru. Eyotaru alipewa mapumziko ya siku tatu na mkebe wa biskuti kutoka mesi ya maofisa. Walizila biskuti zote pamoja, wao wawili, nje, kwenye ngazi, kwa sababu ndani chakula kilikatazwa. Muuguzi alichanganya wasichana, basi. Kiden alikunja parachuti zaidi ya mia nne, na hakuna hata moja iliyowahi kufunguka hewani. Zote zilirudi mezani kama zilivyotoka.

Pitia aliuliza huyo Eyotaru yuko wapi. Kiden akasema walitengana mwaka wa sabini na tisa kwenye daraja la Pakwach, katika msukumano wa watu na magari. Yeye alikwenda Sudan, mpaka Yei. Mwenzake alipita Kongo. Huko Yei mtu mmoja aliyetoka upande ule alimwambia kwamba Eyotaru amekufa kwa kuhara, na Kiden alikaa matanga siku tatu peke yake, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyemjua.

Pitia aliitazama kofia yake. Halafu akasema kama ni hivyo, ndugu zake bado wako Omugo, na deni la asante halifutwi na kaburi. Atakwenda kuwasalimia. Akaomba Kiden amsindikize.

Wakaondoka Jumamosi kwa gari la Haji Yasiri, Rashida akiendesha kwa kuwa Haji macho yake hayaaminiki tena. Pitia alikuja na debe la maharagwe, sabuni mche mzima na kilo tano za sukari, vitu vya kupeleka kwenye msiba. Njiani walijadiliana namna ya kusema. Haji alishauri waanze na pole, kisha habari ya kikosi, kisha parachuti. Pitia alitaka kuanza na parachuti. Kiden aliangalia mashamba ya tumbaku nje ya dirisha, akijaribu kukumbuka jina la mama yake Eyotaru, ili wasifike kama watu wasiojua wanakokwenda.

Walipofika kituo cha biashara cha Omugo, Haji aliteremka kwa mwanamke aliyekuwa akikaanga chapati kando ya barabara. Alivua kofia, akasalimia, akaulizia kwa upole nyumbani kwa marehemu Koplo Eyotaru, aliyekuwa jeshini zamani. Mwanamke alimtazama, akaitazama kofia, akaigeuza chapati yake.

"Marehemu? Sasa hivi ametuma mtu kuchukua chapati mbili."

Haji alirudi garini, akakaa, akafunga mlango. Ilibidi Rashida ateremke kuuliza upya.

Eyotaru alikuwa kwenye banda la mabati pembeni mwa makazi ya wakimbizi, pamoja na wanawake kama kumi na wawili kutoka Sudan Kusini na cherehani tano za miguu. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, bado mrefu kuliko wote, ila ule mlingoti sasa ulikuwa umeinama kidogo juu. Kiden alisimama mlangoni. Eyotaru alimtazama kuanzia viatu, akapanda gomesi polepole mpaka usoni, akaweka mkasi chini kwa uangalifu, mahali pake.

"Kiden," alisema. "Mimi nilisikia wewe ulikufa kule Yei."

"Na mimi nilisikia wewe ulikufa kule Kongo."

"Na hii sabuni ni ya nini?"

"Ya matanga yako."

Kicheko cha Eyotaru kilikuwa kile kile. Watu walitoka vibandani kutazama. Alicheka mpaka akaketi chini, na Kiden akaketi chini naye na gomesi yake ya kijani vumbini, wakashikana mabega, wakacheka na kulia pamoja mpaka mtu mwingine hakuweza kutofautisha. Pitia alisimama na debe lake la maharagwe mikononi, hajui aliweke wapi.

Ilipopatikana nafasi ya kusema, Pitia alisema yake. Safari hii aliyasema vizuri zaidi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuyajaribu mara moja kwa mtu asiye mwenyewe. Watoto saba, wajukuu kumi na tisa. Eyotaru alimsikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha. Kisha akamgeukia Kiden.

Alimuuliza kama anakumbuka mwezi wa pili wa mwaka ule, siku waliyogombana mpaka hawakusemezana wiki nzima. Kiden alikumbuka. Ilikuwa juu ya kibanio. Eyotaru alikuwa amemaliza kukunja, ameshatia sahihi, ana haraka kwa sababu kaka yake alikuwa anamngoja getini, na Mcheki siku hiyo alikuwa mgonjwa. Kiden akahesabu vibanio kwenye sinia akakuta vitano. Akamwambia Eyotaru afungue. Eyotaru akasema cha sita kimeanguka chini mahali, atakitafuta kesho. Kiden akasimama mlangoni akakataa kumpisha. Walitupiana maneno mazito, wakatajiana mpaka makabila, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kabla wala baada. Mwishowe Eyotaru aliifungua parachuti kwa hasira. Kibanio kilikuwa ndani, kimeuma kamba nne pamoja.

Yote hayo Kiden aliyakumbuka. Asichokijua ni namba ya parachuti.

"Ilikuwa kumi na saba," Eyotaru alisema. "Siku kamanda alisoma kadi, mimi niliona ile namba. Kumi na saba. Ile yenye ulinifungulisha." Akageukia Pitia. "Mzee, sahihi iko yangu. Nilikunja mara mbili. Lakini mara ya kwanza ingekuua."

Kiden alimuuliza mbona hakumwambia. Eyotaru akasema aliona haya. Alisimama mbele ya gwaride akipigiwa makofi, akataka ardhi ipasuke. Alifikiri atamwambia wakila biskuti, akashindwa. Akafikiri atamwambia wiki ijayo. Kisha ikawa wiki nyingine, na baada ya miaka mitatu ikaja ile siku ya daraja. Huko Kongo, alipoambiwa kwamba Kiden amekufa, jambo lililomuuma zaidi ya yote lilikuwa hilo.

Pitia alikuwa akimtazama mmoja, kisha mwingine. Aliomba aelezwe tena habari ya kibanio, polepole. Walipomaliza aliketi juu ya debe la maharagwe. Akasema kwamba kwa miaka arobaini na nane amekuwa akimshukuru mtu asiye mwenyewe, na sasa inaonekana kwamba muuguzi hakukosea sana. Akasema pia kwamba kama angejua kilichotokea kwenye chumba kile, asingekubali kupanda ndege kabisa, angebaki kulima mihogo tangu mwanzo. Eyotaru akaanza kucheka tena.

Walikula chapati. Zilikuwa mbili, Rashida akaenda kuongeza nyingine kumi. Mwenye chapati, kwa kuona haya au kwa kufurahi, hakutaka kupokea kitu kwa zile mbili za kwanza.

Kitabu kilichukua miezi mingine mitano, na kosa lilikuwa la wasichana wa chumba cha parachuti. Haji Yasiri aliandika sura yao akawasomea. Aliandika kamba ishirini na nne, wakamrudisha. Aliandika kwamba chumba cha kukaushia kilikuwa nyuma ya banda, wakamchorea ramani kwenye karatasi ya kukatia nguo. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kibanio. Kiden alitaka kiachwe, akisema si vizuri mtu kuaibishwa kwa jambo la ujana. Eyotaru alisema kisipoandikwa yeye hatatoa jina lake, na kama historia ya kikosi ni injini na mabawa tu basi waiite historia ya vyuma. Haji, ambaye alikuwa na ile boliti yake ya kujieleza, alikaa upande wa Eyotaru. Kibanio kikaandikwa, ukurasa wa thelathini na mbili, kwa maneno ya Eyotaru mwenyewe, na chini yake majina mawili.

Kitabu kilisomwa kwa watu mara ya kwanza kwenye ukumbi mmoja Koboko, mwezi wa kwanza mwaka huu. Walikuja watu wengi kuliko viti. Wajane wa marubani walikuja na picha ambazo hakuna aliyejua zipo, zimehifadhiwa miaka yote kwenye masanduku, nyuma ya Kurani na nyuma ya Biblia. Vijana walishangaa kwamba bibi zao walijua neno rada. Haji alieleza ukweli wote, pamoja na mwisho: jinsi kikosi kilivyosambaratika kwa siku mbili, marubani wengine wakaishia madereva wa malori Sudan, na ndege mbili za mwisho zikaachwa kwenye majani zikiwa hazina magurudumu. Alisoma hayo kwa ufupi, bila kulalamika. Kisha akasoma ukurasa wa thelathini na mbili, na Pitia akainuliwa asimame watu wamwone. Wajukuu zake kumi na saba walikuwa wamekuja na lori la maharagwe. Wawili tu walibaki Aroi kwa mitihani. Walipiga makofi mpaka akawaambia wakae.

Kiden hakupewa medali. Alipewa nakala mbili za kitabu, akampa Rashida moja. Rashida aliisoma usiku huo huo mpaka mwisho, na asubuhi akamuuliza mama yake maswali hadi uji ukapoa. Alitaka kujua hasa ni maneno gani aliyomwambia Eyotaru pale mlangoni siku ya kibanio. Kiden alikataa katakata kuyarudia.

Tangu hapo mambo ya kazini Koboko yamebadilika. Jumatatu na Alhamisi Kiden hayupo. Huenda Omugo kufundisha kwenye lile banda la mabati, kwa sababu Eyotaru alisema wanawake wake wanajua kushona lakini hawajui kukagua, na yeye peke yake hawezi kuwakalia wote. Kuna mmoja, Daisy, ambaye Kiden anamsifia sana: msichana mkimya wa kutoka upande wa Kajo-Keji, mwenye mkono mwepesi na kichwa kigumu. Wiki iliyopita kundi lilipata kazi ya kushona maturubai ya madarasa, na bibi wawili waligombana juu ya upana wa mshono mbele ya wanafunzi wote, mmoja akitaka sentimita mbili na mwingine mbili na nusu. Daisy aliwangoja wamalize. Walipoona hawamalizi, alishona mbili na robo, akaendelea.

Rashida analalamika kwamba wateja wa sare wanamsumbua yeye, na kwamba mama yake akiulizwa atarudi saa ngapi husema kumi, akatokea saa moja, amekauka koo kwa kuongea. Amemnunulia simu mpya apige akichelewa. Mpaka sasa simu hiyo imetumika zaidi kumpigia Eyotaru, siku zile ambazo hawaonani.